Breki ya Nyuma ya Gari la Huguette

Rosaire Villeneuve alikuwa fundi wa magari, na mimi nilifanya naye kazi gereji moja kwa miaka mingi. Haya ninayosimulia, mengine niliyaona, mengine alinieleza mwenyewe. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mkewe Huguette alikuwa na maneno ya watu wawili, na kijijini walisema Mungu alikosea kuwagawia, ndiyo maana akawaoanisha.

Januari ile Huguette alileta gari lake gereji akilalamikia harufu.

"Linanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati," alisema. "Na linakwenda zito, kama linaburuta mtu."

Rosaire alilizunguka, akisogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Matatu yalikuwa na joto la kawaida. La nyuma kulia lilimfanya arudishe mkono upesi. Theluji iliyoganda kwenye rimu za wenzake, pale ilikuwa imeyeyuka yote na kuchuruzika.

"Breki imeshika," akasema.

Kwetu hiyo si habari. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi kuyeyusha barafu hutafuna chuma mpaka mfupa. Akabadilisha kalipa, kile chuma kinachobana pedi za breki, akaweka pedi mpya, akamrudishia mkewe gari. Wiki iliyofuata harufu ikarudi.

"Kumbe kazi ya bure huwa ya bure kweli," nilimtania.

Hakucheka. Aliliinua gari kwa jeki, akajaribu kuzungusha gurudumu kwa mikono miwili. Likagoma. Akalegeza skrubu ya kutolea upepo, ili kama presha imenaswa kwenye mpira wa mafuta ya breki ipate kutoka. Mafuta yakadondoka kidogo, gurudumu likabaki vilevile. Basi tatizo halikuwa kwenye mafuta. Akaingia chini, akauchomoa waya wa breki ya mkono pale unaposhikana na kalipa. Gurudumu likazunguka kama feni.

"Waya umeota kutu ndani ya ganda lake," nikasema. "Akiuvuta, haurudi."

Rosaire alibaki amelala chali chini ya gari, taa mkononi. Nilidhani anakagua bomba la moshi, kumbe alikuwa amekwama kwenye neno langu moja. Akiuvuta.

Kwa nini auvute? Kijiji chetu, huku kando ya Ziwa Saint-Jean, ni tambarare kama meza ya jikoni. Na wakati wa baridi hakuna anayevuta breki ya mkono, waya usije ukaganda. Rosaire mwenyewe alimfundisha Huguette hivyo kabla hawajaoana. Pana mteremko mmoja tu, ule wa nyuma ya kanisa, na juu yake pana nyumba moja, ya Clément Potvin.

Clément alikuwa mwezeka mapaa aliyestaafu, mgane, mcheshi wa kijiji. Zamani, kabla Rosaire hajatokea, alicheza dansi na Huguette majira mazima ya baridi, na wazee wa kijiji walikuwa bado wanakumbuka walivyopendeza.

Jioni ile mezani palikuwa na supu ya njegere. Rosaire akasema, "Waya nimeutoa. Huna breki ya mkono mpaka nipate mwingine. Uegeshe pa tambarare."

"Sawa," alijibu Huguette. Akala kidogo, kisha akauliza, "Huo mwingine unafika lini?"

"Kwani una haraka nao?"

"Nauliza tu, mzee wangu. Siku hizi kuuliza kuna kodi?"

Swali lile lilimkaa Rosaire tumboni kuliko supu. Waya mpya ulipoletwa, aliupokea, akatia sahihi, akausukuma chini ya meza ya kazi nyuma ya makopo ya rangi. Nilimwona.

Akaanza kupeleleza kwa namna yake ya kifundi. Alisoma kilomita kwenye dashibodi asubuhi na jioni. Alitazama matope na theluji ndani ya matao ya magurudumu. Alinusa hata kiti cha dereva, na hapo, aliniambia baadaye, alijiona mbwa. Aligundua kwamba mkewe hutoka Alhamisi mchana. Basi Alhamisi akavua ovaroli, akaniambia anakwenda kujaribu gari la mteja.

Gari la Huguette lilikuwa pale, kwenye mteremko wa Clément. Lakini kilichomchoma hakikuwa gari. Nyuma ya lile gurudumu la kulia palikuwa na kabari ya mbao, imechongwa vizuri, imepigwa msasa, na imefungwa kamba ili mtu asiiname sana kuitoa. Mwanamume mwingine alikuwa amekaa chini akafikiria gurudumu la mke wake, akapima, akakata, akalainisha. Na yeye waya mpya ameuficha nyuma ya makopo!

Aliinua mguu aipige teke ile kabari. Mguu ukabaki hewani. Chini ya mteremko kuna barabara ya shule. Akaushusha.

Ndipo akasikia kicheko. Kilikuwa cha Huguette, kile cha kukata pumzi na kupiga meza, ambacho yeye alikuwa amesahau kwamba kipo. Aliniambia afadhali angewakuta wamekumbatiana. Hilo angejua la kulifanya.

Aliingia bila kubisha. Walikuwa jikoni, mlango wa tanuri ukiwa wazi, karata mezani, kati yao sahani ya pai ya sukari iliyoliwa nusu.

"Rosaire!" alisema Clément. "Karibu, ila vua buti. Sakafu hii nimepiga deki mimi, si kijakazi."

Rosaire hakuvua. "Mnafanya nini?"

"Ananiibia kwenye karata," alijibu Huguette, bado anafuta machozi ya kicheko. Kisha akaukunja uso. "Wewe umejuaje niko hapa?"

"Waya wa breki. Kwetu hakuna kilima kingine."

Huguette akatupa karata zake mezani. "Jamani! Wanawake wengine hufuatwa kwa harufu ya marashi. Mimi nimefuatwa kwa kutu."

Clément akajikohoza, akaona ni heri aende nje kuleta kuni.

"Ungeniuliza," alisema Huguette walipobaki wawili.

"Ungeniambia?"

"Mara ile ile. Nakuja hapa kwa sababu nikisema jambo la kuchekesha, huyu anacheka. Wewe unasema 'mm'. Miaka yote hii, Rosaire, 'mm'. Hajanigusa hata kidole, kama ndilo linalokuwasha."

"Ndilo," alisema Rosaire. Halafu, kwa taabu, "Na hilo la kucheka pia. Hilo zaidi."

Kesho yake aliutoa waya nyuma ya makopo na kuufunga. Nilimshikia taa. Aliufunga kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona kwake, akavuta na kuachia mara nyingi, akizungusha gurudumu kila mara.

Huguette aliendelea kwenda Alhamisi, bila kuficha. Rosaire alialikwa, akaenda mara mbili, akapigwa karata mara mbili, hakurudi. Siku hizo za Alhamisi hakuna aliyethubutu kumsemesha gereji. Wivu haukumtoka, na sitawadanganya kwamba ulimtoka. Lakini alianza kumuuliza mkewe jioni, "Leo mmecheka nini?" Mengine alimwambia. Mengine alisema, "Hayo utayaona ya kipuuzi," na Rosaire akameza.

Majira ya kiangazi binti yake Clément alimchukua akaishi naye mjini Trois-Rivières, mbali na kijiji. Rosaire alitoa lori akapakia makabati kwa kasi ambayo kijiji kizima kiliicheka. Kisha nyumba ya Rosaire ikanyamaza. Huguette alipika, akafua, akasema yaliyo ya lazima, basi. Rosaire, aliyekuwa amelitamani jambo hilo tangu Januari, hakulifurahia hata siku moja.

Jumapili moja simu ililia, Huguette akaipokea, na kile kicheko kikajaa jikoni. Rosaire alikuwa anaosha vyombo. Akasema bila kugeuka, "Msalimie."

Huguette akafunika simu kwa kiganja. "Msalimie mwenyewe."

Rosaire akafuta mikono taratibu, akaichukua. "Clément," akasema, "wewe ndiye fundi wa mapaa, na langu linavuja upande wa bomba la moshi. Ungekuwa wewe, ungeanzia wapi?"