Kurasa Tisini, Tundu Moja Bovu

Mume wangu hafungui kitu ambacho kinaweza kukaa kimefungwa. Rimoti ya televisheni iko ndani ya mfuko wa nailoni tangu ilipotoka dukani, na vitufe vyake unavibonyeza kwa kubahatisha. Makochi yetu bado yana plastiki ya kiwandani, na siku za joto mgeni akisimama, nyumba nzima inasikia. Kabatini kuna seti ya vikombe ambayo nimeifuta vumbi kwa miaka kumi na tisa bila kuinywea chai hata siku moja. Ukimuuliza, anakujibu, "Akiba haiozi." Kwaya anayoifundisha kanisani inamwita Mwalimu Funika, na yeye anadhani ni sifa.

Alikuwa karani wa stoo katika idara ya maji, na hadi leo anajivunia kwamba kwa miaka ishirini na minane haikupotea hata nati moja mikononi mwake. Ninaamini. Mafundi walikuwa wanasema ni rahisi kuchimba kisima kuliko kumtoa bomba stoo. Kwaya aliirithi kwa mwalimu wetu wa kwanza, aliyefariki miaka kumi na moja iliyopita, na pamoja na kwaya alirithi daftari.

Lilikuwa daftari la jalada gumu, kurasa tisini, na ndani yake kulikuwa na nyimbo zote alizotunga marehemu, noti za do-re-mi zilizoandikwa kwa penseli, sauti nne. Hakuna nakala nyingine popote. Lilikaa ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya bahasha, bahasha ndani ya sanduku la bati, sanduku chini ya kitanda. Vidole vyangu vya miguu vinalijua hilo sanduku vizuri sana. Kila mwaka nilimwambia, "Baba watoto, nakili hilo daftari." Kila mwaka alinijibu kwamba likishikwashikwa litachakaa.

Basi asubuhi moja, saa mbili, simu ikalia. Alikuwa binti wa marehemu, analia. Mama yake, mjane wa mwalimu wetu, alikuwa amefariki, na aliacha neno moja tu: azikwe na daftari la mume wake. Mazishi yalikuwa kesho yake asubuhi, mbali, kwao mama.

"Nitalipitia saa saba, Mwalimu," alisema. "Basi linaondoka saa nane."

Hapakuwa na la kubishana. Daftari lilikuwa lao, na maneno ya marehemu hayakatiwi rufaa. Mume wangu alikaa kitandani ameshika simu, amenywea. Nilimhurumia, nasema kweli, kwa dakika kama mbili. Kisha akainuka akasema, "Skana."

Skana tuliletewa na binti yetu mwaka juzi, nyembamba kama sinia. Bila shaka ilikuwa imerudishwa ndani ya boksi lake, na boksi ndani ya shuka. Kwanza nilijaribu kupiga picha kwa simu, lakini penseli ilikuwa imefifia mno. Picha ilionyesha karatasi ya njano na kivuli cha kichwa changu. Skana ingeweza. Binti yetu alituonyesha siku ile alipoileta: unalaza karatasi kifudifudi, taa inapita chini yake, na hata alama ya kalamu iliyofutwa inatokea. Na haina waya wa kwenda ukutani. Ina waya mmoja tu, unauchomeka kwenye kompyuta, na humo humo inanyonya umeme na humo humo inapeleka picha.

Sasa, kompyuta yetu. Ubavu wa kushoto ina tundu la USB ambalo shemeji yangu aliwahi kulichomekea flashi kinyumenyume, na ilipokataa kuingia akaisukuma kama anayefunga mlango wa gari bovu. Tangu hapo ulimi wa ndani umelegea. Ukichomeka waya unaingia, lakini haushiki.

Mume wangu alichomeka skana. Taa ikawaka kijani. Akashangilia. Taa ikazima.

"Sogeza kidogo," nikamwambia. Akasogeza. Ikawaka. Akaachia, ikazima. Akakunja kipande cha boksi, akakitia chini ya waya kuunyanyua. Ikawaka, taa ikaanza kutembea chini ya kioo, ikafika katikati ya ukurasa, ikazima. Kwenye skrini tukaona nusu ya ukurasa, na chini yake weusi mtupu.

Tulifunga waya kwa raba. Tukauegemeza kwenye kopo la sukari. Saa tatu na nusu nikawa nimepiga magoti sakafuni, nimeushika waya kwa vidole viwili, pumzi nimebana, naye ananiagiza, "Juu kidogo. Hapo hapo. Usipumue." Nilipiga chafya. Ukurasa ukaenda na maji.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akasema, akaleta kile kidude chenye matundu manne ambacho watu wanakitumia kuongeza nafasi za kuchomeka. Akakichomeka kwenye tundu lile lile bovu, halafu skana juu yake. Hapo ndipo haikuwaka kabisa. Nikamwambia ukiongeza mabomba kwenye kisima kikavu hupati maji, na yeye alikaa idara ya maji miaka ishirini na minane. Hakucheka.

Akampigia fundi kompyuta wa mtaani. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha maji, maana kama ningebaki pale ningesema maneno ambayo mke wa mwalimu wa kwaya hasemi. Aliporudi kwenye sakafu yetu ya mateso nikamuuliza fundi kasemaje.

"Anasema skana inataka umeme wa kutosha. Tusipitishe kwenye vidude. Ichomekwe moja kwa moja kwenye tundu zima."

"Sasa tundu zima tutalipata wapi?"

Akanyamaza. Mtu niliyelala naye chumba kimoja miaka thelathini na tatu, nikaujua ule unyamavu. Nikaigeuza kompyuta. Ubavu wa kulia, chini ya kifuniko cha plastiki alichoishonea mwenyewe, nikaona kipande cha plasta, ile ya vidonda, kimebandikwa vizuri, kimekatwa pembe kwa mkasi. Kwa miaka miwili nilidhani ni ufa.

"Hii nini?"

"Liache hilo, mama."

"Nakuuliza, hii nini?"

"Ni tundu jingine. Nililiziba baada ya shemeji yako kuharibu lile. Nikaona tukiruhusu na hili litumike, litakwenda na njia ya mwenzake, na hapo tutakuwa hatuna kabisa."

Jamani. Saa tano na dakika arobaini. Magoti yangu yana alama za mkeka, nimepiga chafya, nimekatazwa kupumua ndani ya nyumba yangu, na tundu zima lipo, limevalishwa plasta kama mtoto aliyeanguka. Sikupiga kelele. Nikikasirika kweli huwa nanong'ona. Nilinong'ona, "Litoe."

"Haraka haraka haina—"

"Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Litoe!"

Gundi ilikuwa imeganda. Alikwangua kwa ukucha, taratibu, asije akachubua rangi, akachukua pamba na spiriti akafuta mpaka pakang'aa, kisha akapuliza ndani mara tatu. Ndipo akachomeka. Taa ikawaka, ikakaa. Skana ikanguruma kidogo, taa ikapita kutoka juu mpaka chini bila kusita, na kwenye skrini penseli ya marehemu ikatokea, kila herufi na nukta yake. Wimbo tuliourudia nusunusu asubuhi nzima, mara moja, kamili. Nililia kwa hasira.

Lakini kompyuta nayo ikaamua kujizima ijisasishe, kwa kuwa ilikuwa haijawashwa tangu mwaka mpya mpaka asubuhi ile. Iliporudi, saa sita ilikuwa imepita kwa dakika kumi na tano. Nikasema, "Anza na nyimbo." Yeye akaanza na jalada. Kisha ndani ya jalada, palipokuwa pameandikwa jina la duka. Kisha orodha ya wanakwaya wa mwanzo, kisha mahudhurio yao, kurasa kumi na mbili za alama za vema na mikato.

"Baba watoto, nani anataka kujua besi gani hakuja mazoezini miaka thelathini iliyopita?"

"Kila kitu na utaratibu wake. Ukianza kuruka, utasahau ulichoruka."

Kila ukurasa aliufungua, akapangusa kioo, akaulaza, akaufunika. Nyimbo alizofikia ni zile za mwanzo, zile ambazo hata paka wetu anazijua kwa kuzisikia. Alikuwa ukurasa wa arobaini na tatu binti wa marehemu alipobisha hodi. Saa saba kamili. Amevaa nguo nyeusi, macho yamevimba, begi begani.

Nikampa pole, nikamkalisha. Plastiki ya kochi ikalia, nikaona aibu. Mume wangu akamwonyesha skana, akamweleza, akaomba nusu saa tu. Binti akatikisa kichwa, hakuwa na hata dakika tano. Njia ya kwenda stendi ilikuwa na foleni na alikuwa na ndugu wanamsubiri.

"Nipe tu, Mwalimu. Lakini niambie kitu kimoja. Ule wimbo wa mwisho, ule aliomtungia mama. Mmeupata kwenye hiyo mashine?"

Mimi sikuwahi kusikia habari za wimbo huo. Nikamtazama mume wangu. Alifungua daftari mwishoni, na kweli ulikuwapo, kurasa nne, kila sauti na ukurasa wake, na juu jina la yule mama.

"Bado," akasema.

"Na kwaya mliwahi kuuimba?"

"Bado. Ni mzuri kupita zote. Nilikuwa nautunza kwa ajili ya siku kubwa."

Binti alishusha begi mapajani. Hakusema kwa ukali, na afadhali angekuwa mkali.

"Mama alikuwa anakuja kila mwaka siku ya kwaya. Anakaa mstari wa mbele. Alikuwa ananifundisha sauti ya kwanza jikoni, maana baba alimwimbia hiyo tu. Akirudi ananiambia, labda mwaka ujao."

Mume wangu alibaki amesimama na daftari mkononi. Mwishowe akaniambia, "Vaa viatu."

"Twende wapi?"

"Mazikoni. Tutauimba kabla haujaingia chini. Nitaujifunza njiani na nitaunakili."

Tuliondoka vile vile, mimi na gauni la nyumbani chini ya koti. Kompyuta tuliiacha, betri yake haidumu hata dakika tano bila umeme wa ukutani. Akachukua karatasi, kalamu na miwani ya kusomea.

Safari ilikuwa ya saa tano. Saa mbili za kwanza barabara ilikuwa mashimo matupu, kalamu ikawa inachora milima. Hapo tulijifunza kwa kuimba, polepole, abiria wakitugeukia. Barabara ilipotulia akaanza kunakili, na akaanza na nini? Sauti ya kwanza.

"Hiyo binti anaijua yote," nikamwambia. "Anza na besi, besi hatuna mtu hapa."

"Ya kwanza huitwa ya kwanza kwa sababu inaanza."

Niliangalia nje ya dirisha nisije nikamnyang'anya kalamu. Akamaliza ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa mwandiko wake wa stoo, kila herufi imesimama wima. Alipofika besi jua lilikuwa limeshuka. Mstari wa kwanza. Wa pili. Binti akamulika kwa simu, lakini kwa mwanga ule penseli ilipotea kabisa, ikabaki karatasi inang'aa. Tulipofika, wajomba wa binti walikuwa mlangoni wanalisubiri daftari. Wakalipokea kwa mikono miwili, wakaingia nalo ndani, na hatukulishika tena.

Asubuhi tuliuimba kaburini, watu watatu, sauti tatu. Binti alishika ya kwanza kama alivyofundishwa jikoni. Mimi nilikosea mara mbili. Mume wangu aliimba kwa sauti ambayo sikuijua, ya mtu asiyebakiza kitu.

Sasa kwaya nzima inauimba. Tenori, alto, wote wanaujua. Besi wanaimba mstari wa kwanza na wa pili, wanafika wa tatu, wanafunga midomo, mpaka kiitikio, ambacho kinarudia noti za mstari wa kwanza. Mume wangu alijaribu mara nyingi kutunga cha kujazia pale. Kila akiandika, anafuta.

Wasiojua wanadhani marehemu alitunga hivyo. Jumapili iliyopita mgeni mmoja alikuja mbele baada ya ibada akampa mkono, akasema nyimbo amezisikia nyingi, lakini pale besi wanaponyamaza ndipo pamemgusa kuliko pote, na aliyepanga vile alikuwa na kipaji. Nilingoja mume wangu aseme ukweli. Alisema asante, akakusanya karatasi zake. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa naye bega kwa bega, na hakunitazama.