Mwizi wa Joubert Park

Juzi mchana, karibu na bustani ya Joubert Park huku ugenini, niliona wanaume watatu wananijia kwa nyuma. Nikamsogelea mama aliyekuwa mbele yangu, nionekane niko naye. Nikikaza mwendo, naye anakaza. Mara akaukumbatia mkoba wake, akaomba kwa sauti, kwa Kiswahili cha Kongo: "Yesu, uniokoe na huyu mwizi!"

Kwa mazoea nikaitikia: "Amina."

Akageuka. "Eish! Kumbe uko ndugu? Sasa juu ya nini unanifuata?"

"Nawakimbia wale, mama."

Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Wale watatu wakatupita mbio, wanawahi basi.

Mji huu haukomi kubishana kama uhalifu unaletwa na weusi wa mtu au umaskini wake. Sisi watano tulikuwa navyo vyote viwili, na bado mwizi alikosekana.