Meno Yaliyochemshwa kwa Ajili ya Wakwe

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya meno ya hospitali, mjini Sumbawanga, Mganga wa Meno hakuniuliza cheti. Alinikabidhi seti ya meno ya bandia iliyojaa ukoko wa manjano. "Safisha," alisema. "Asiyejua kuyasafisha asiyatengeneze."

Nilikuwa nimetoka chuoni, nikiamini kwa moyo wote kwamba mkulima wa ulezi anastahili tabasamu sawa na la waziri. Nikajaza beseni maji baridi, ili seti ikiniponyoka isipasuke, nikaisugua kwa mswaki laini na sabuni ya kipande. Kwa ukoko sugu niliiloweka katika siki iliyozimuliwa kwa maji. Mganga alitazama, akaguna, akaenda kunywa chai. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Zilikuwa zama za soko huria. Malori yaliyopitia mpakani Kasesya yalileta madawa ya kung'arisha nguo ambayo wazazi wetu hawakuyajua, na watu wakaanza kuamini kwamba kila kilicho cheupe ni safi. Tuliletewa meno yaliyolowekwa katika dawa hizo hadi fizi zake zikapauka, na mengine yaliyosuguliwa kwa majivu hadi yakakwaruzika, na penye mikwaruzo uchafu hujificha. Lakini unga wa akriliki, ambao ndio huifanya fizi ya bandia, haukuja na malori hayo. Tuliungoja kutoka bohari ya dawa, na mara nyingi tuliungoja sana.

Katika kungoja huko alikuja katekista mmoja wa kijiji cha Mwimbi pamoja na mkewe. Mzee alizungumza akiwa ameziba mdomo kwa kofia. Seti yake ya juu, iliyotengenezwa kabla sijafika, ilikuwa imepinda kama kigae kilichoachwa juani. Jumamosi iliyofuata binti yao wa mwisho alikuwa anaolewa, na baba ndiye aliyepaswa kumbariki mbele ya wakwe. Bila meno maneno yake yalitoka kama upepo; watoto wa mafundisho walikwisha kumcheka.

"Shikamoo, mzee. Nani aliyachemsha?" aliuliza Mganga mara alipoona meno yalivyopinda.

"Marahaba. Ni mimi," alijibu mzee.

"Anasema uongo, naye ni katekista," mama alisema taratibu. "Ni mimi. Bwana Afya alitufundisha kuchemsha kila kitu, maji na chupa za watoto. Nikasema, wakwe wanakuja, basi na meno nayo yawe meupe."

"Nilimwona akiyatia sufuriani," mzee akadakia. "Nikanyamaza. Kwa hiyo kosa ni letu sote."

Mganga aliuliza iwapo mzee alielezwa namna ya kuyatunza siku alipoyapokea. Mzee alikiri kwamba alielezwa. Lakini nyumbani kwake, kama katika nyumba nyingi za Ufipa, aoshaye vyombo ni mama, na mama hakuwa ameitwa ndani siku ile. Alikuwa amekaa nje kwenye benchi, ameshika kikapu.

Unga uliobaki ulitosha seti moja tu. Mganga aliutikisa ndani ya kopo, akanitazama. "Chukua chapa ya mdomo," alisema.

Nilichukua chapa ya fizi za mzee kwa nta laini, nikaimiminia jasi, nikayapanga meno yaleyale ya zamani juu ya nta, kisha nikayazika katika jasi ndani ya kikombe cha chuma, nikaiyeyusha nta, mahali pake nikashindilia akriliki na kukibana kikombe kwa parafujo. Nilipokitia kikombe katika maji ya moto, mama, aliyekuwa mlangoni, alishika kiuno.

"Mwanangu, kumbe nanyi mnachemsha?"

Mganga alicheka hadi akavua miwani. Nikamweleza mama kwamba tunachemsha mara moja tu, meno yakiwa yamefungwa ndani ya jasi ili yashike umbo. Yakishatoka, maji ya moto huyapinda. Meno yalipotoka na kupoa, nikampa mswaki laini. Aliyasugua meno ya mumewe juu ya beseni, pole pole, nje na ndani, akaahidi kwamba kila usiku yatalala katika kikombe cha maji safi chenye kifuniko.

"Hayajawa meupe sana," alisema, akiyageuza kwenye mwanga wa dirisha. "Wakwe watasemaje?"

Mzee aliyavaa, akafunga mdomo, akaufungua. "Watasema baba wa bibi harusi ana umri wake," alijibu, na kila neno lilitoka zima. Mkewe aliinamisha uso, akajifuta kwa ncha ya khanga.

Baadaye nilifanya kazi chini ya Waganga Wakuu kadhaa, na baadhi yao walilalamika kwamba chumba changu hujaa watu. Kweli kilijaa. Sikumkabidhi tena mgonjwa meno yake bila kuuliza nani huyaosha, na huyo naye nikamwita aingie, akae kitini. Sasa nimestaafu, ninakaa mtaa wa Katandala, hapa hapa mjini, na vijana wa fani hii hunijia kuuliza ni dawa gani iliyo bora ya kung'arisha. Sabuni, maji baridi na mswaki laini, huwaambia. Kisha tokeni nje, mkamwangalie aliyekaa kwenye benchi.