Wazee Waliopanda Miti Yangu

Asubuhi ile ninaikumbuka kama ya leo, mwanangu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimekaa mbele ya daktari mjini Meru, mguu wa kushoto umeinuliwa juu ya stuli. Chini ya vidole nilikuwa na doa jeusi. Sisi wachumaji miraa wa Muthara tulidhani ni mwiba uliovunjikia ndani, na wenzangu walikuwa wameuchokora kwa pini hadi wakachoka.

Daktari alisema ni kansa ya ngozi. Wakikata vidole viwili na kipande cha wayo mapema, huenda nikapona. Nikichelewa, ingesambaa mwilini.

Nikainuka, nikaenda zangu nyumbani. Usinicheke. Mti wa miraa hupandwa miguu mitupu, vidole ndivyo vinavyoshika shina, nami sikujua kazi nyingine. Baba alikuwa amefariki na mama alinitegemea. Niliogopa kuwa kilema kuliko nilivyoogopa kufa.

Mama hakubishana nami. Alikwenda kwa M'Ikiara, mzee wa rika la baba. Kwetu, aliyetahiriwa pamoja na baba yako ni baba yako, na neno lake hulipingi. Kesho yake wakaja wazee watatu, wamevaa makoti ya kanisani.

"Wewe, kwani ukikufa hizo miti zitajichuma?" M'Ikiara aliuliza.

"Na nikikatwa, baba, nani atazichuma?"

"Sisi."

Nikacheka. Wote walikuwa na mvi na magoti mabovu! Mzee hakucheka. Alivua koti, akavua viatu, akaupanda mti wa kwanza mbele ya macho yangu, akitetemeka na kuguna, akaniangushia kishada cha miraa miguuni. Nililia, mwanangu. Jioni hiyo nilimwomba mama anifungashie nguo.

Nilikatwa. Maumivu yale sitayapamba, na kidonda kilichelewa kupona, lakini ugonjwa haukurudi. Muda wote huo wazee walichuma, mama akafunga mabunda, na hakuna aliyenidai kitu. Baadaye nilijifunza kupanda upya, polepole, kwa vidole vilivyobaki. Wazee wale wameshalala wote. Kila mmoja nilimbeba begani mpaka kaburini, nikitembea kwa mguu huu huu. Nawashukuru hata sasa ninapoongea nawe.

Kwa hiyo nakuomba: ukiona doa geni mwilini, usilichokore, mwonyeshe daktari. Akisema lazima ukatwe, lia kama unataka kulia, kisha waambie watu wako unachokiogopa hasa. Mimi nilikuwa nimekaa na hofu yangu peke yangu, kumbe dawa yake walikuwa nayo majirani.

Mungu akupe afya, mwanangu, na akupe maisha marefu. Uje uwazike waliokulea, wao wasikuzike.