Nguo za Bato

Habari ya bato aliianza mama. Bato ndivyo tulivyoiita meli ya mtoni, na Kolwezi yetu ya mashimo na vumbi jekundu haikuwa na hata moja. Lakini bibi yangu, aliyeletwa kutoka Kasai kama mke wa mchimba shaba, alimsimulia mama tangu utotoni kwamba pale Ilebo reli inaishia mtoni. Ukishuka treni unapanda meli ya ghorofa, unakwenda mpaka Kinshasa umekaa kitini, hubebi kitu.

Hilo la kutobeba kitu ndilo lililomkaa mama moyoni. Tuliishi kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi, bomba moja kwa mtaa mzima, na kila alfajiri alikuwa kwenye mstari na ndoo yake. Siku moja tukiwa mezani akamwambia baba:

"Tata, mayi mi niko naibeba tangu mutoto. Siku moya, nayo inibebe."

Baba alicheka, kisha akaacha kucheka. Alikuwa karani mgodini, mtu wa hesabu, na alijua kwamba likizo yake inakuja na tikiti za treni kwa familia nzima. Iliyobaki ilikuwa bato tu. Akachukua chaki, akaandika nyuma ya mlango wa chumba chao: bato, chakula, zawadi za wazee wa Kasai, matabishi ya kuwalainisha wakubwa wa njiani. Ukifunga mlango uliiona safari yetu yote. Ukiufungua, ilikwenda kujificha ukutani.

Waligombana kwa raha. Baba alitaka tusafiri chini, kwenye sitaha ya watu wote, kwa sababu ni rahisi.

"Na mbuzi?" mama akauliza.

"Mbuzi nazo ziko na tikiti."

"Basi wewe kaa nazo, mi na batoto tutakusalimia toka mu kabini."

Baba akafuta sitaha, akaandika kabini. Ili hesabu ikae sawa akafuta na zawadi za mashemeji wawili, wote wa upande wa mama. Mama aliliona hilo, akaliacha lipite, jambo ambalo kwake halikuwa dogo.

Pesa zilitoka kwenye vitumbua vya mama, na kwenye unga wa posho aliokuwa akiupunguza kidogo na kuuuza kila baba alipoleta mgawo wa kazini. Zote aliziweka kwenye likelemba. Walikuwa wanawake wachache wa mtaa. Kila siku ya mshahara kila mmoja alitoa sehemu yake, na mmoja akazoa zote. Mama aliomba zamu yake iangukie mwezi wa likizo, wakamkubalia.

Hapo tukafanya kosa la watu wa Kasai. Sisi tunajulikana, hatuwezi kufika mahali kabla ya nguo zetu. Mama alinunua kitenge cha bluu chenye samaki weupe, familia nzima tushonewe sare: baba shati, yeye blauzi ya libaya na kitenge chake cha kujifunga, sisi watoto kila mtu na yake. Fundi alimshauri aache nafasi, watoto wanakua.

"Pima yao sawasawa," mama akamwambia. "Safari iko karibu."

Nguo zikaingia sandukuni na nafutalini. Hazikuruhusiwa kutoka hata Noeli. Nilikuwa mtoto wa kwanza na nililifungua sanduku mara nyingi, kunusa tu. Gauni langu lilinibana vizuri kiunoni, na nilijua nitakavyosimama kwenye ukingo wa bato nimelivaa.

Wiki ya zamu ya mama, mume wa jirani yetu alifariki kwa homa. Jirani huyo, mwanamke wa kaskazini mwa Katanga, alikuwa naye kwenye likelemba. Desturi ilikuwa wazi: mwenye msiba huchukua zamu. Hakuna aliyemwomba mama. Alikwenda mwenyewe, akampa pesa zote mkononi mbele ya wanawake wenzake, akabaki kupika matangani.

Baba hakukasirika. Alisema, "Bato haitakimbia. Tutakwenda mwaka kesho."

Sentensi hiyo naichukia mpaka leo. Bato haikukimbia, ni kweli. Tuliokimbiwa ni sisi. Mwaka uliofuata pesa za likelemba hazikutosha kabini. Uliofuata tena hazikutosha hata sitaha, kwa sababu pesa yetu, zaire, ilikuwa inayeyuka kama chumvi kwenye mvua. Baba alifuta na kuandika, akafuta na kuandika, mpaka sifuri zikafika ukingoni mwa mlango, akaacha. Gauni langu likaenda kwa mdogo wangu, la mdogo wangu kwa anayemfuata, yote bila kuvaliwa. Natamani tungekwenda mwaka ule ule, kwa kukopa, chini kabisa, na mbuzi wote wa Kasai magotini mwetu.

Kisha ikaja miaka ile tulipoambiwa kwamba Katanga si kwetu. Mama alizaliwa Kolwezi, mimi nilizaliwa Kolwezi, lakini majina yetu ya Kasai yalitosha tufukuzwe. Tulitoka nyumbani na tulichoweza kubeba, tukalala stesheni na watu wasiohesabika tukingoja treni. Siku ilipokuja, baba alifungua sanduku, akavaa shati lake la samaki. Alikuwa amekonda, likampwaya.

"Vaa na wewe," akamwambia mama. "Hii njo ile njia ya Ilebo."

"Hapana, tata. Hii haiko safari."

Baba akalivua polepole, akalikunja.

Yule jirani mjane alikuwa akituletea unga stesheni kila siku, ingawa kulikuwa na watu wa kwao waliomtukana kwa hilo. Siku hiyo alimshika mama mikono, akalia.

"Mama, bato yenu njo mi niliikula."

"Nyamaza," mama akasema. "Ulimuzika bwana yako."

Treni ilipita Lubudi, ikapita Kamina, imejaa mpaka juu ya paa. Sisi tulishuka Mwene-Ditu kwa sababu baba alikuwa anaumwa, na hapo ndipo tulipobaki. Ilebo ilikuwa mbele, kwenye reli ile ile. Baba alikufa kabla ya mvua. Nguo za bato tuliziuza moja moja kwa mihogo, ila ya mama haikupata mnunuzi.

Bomba halikuwapo. Maji yalikuwa bondeni, mbali kuliko yalivyowahi kuwa Kolwezi. Asubuhi moja nilimkuta mama mlangoni akichana kile kitenge chake cha bluu. Nilipiga kelele aache. Alikisokota kipande kikawa kata, akakiweka kichwani, akanyanyua ndoo juu yake, akashuka bondeni. Alikitumia hivyo mpaka samaki wote wakafutika.