Mashine yangu ya kukuna nazi

Leo mtu asiniite injinia.

Nipo likizo nyumbani Tingi. Nimekuja na mashine ya kukuna nazi, mradi wangu wa mwaka wa tatu wa uhandisi mitambo. Mama kaita majirani waje waione.

Nikaiwasha.

Ikakuna nazi, ikakuna na kifuu. Bakuli zima vipande vyeusi, vingine vikamrukia shangazi usoni.



Mama akasema, "Imechoka na safari tu, mwanangu."

Jamani, mashine ichoke na safari?

Nikamwambia basi akune kwa mbuzi yake, wali usichelewe.

Akamvuta jirani pembeni. Nikamsikia anaomba kuazimwa ile mbuzi aliyomgawia juzi, aliposikia nakuja na mashine.

Nyie, huo wali mngeula?