Mizinga Miwili Chini ya Udongo

Mwaka ule ulikuwa 2022. Hapana, nimekosea, ulikuwa 2023, maana Anifa, binti wa mwisho wa mzee Niyomwungere, alikuwa amekwisha olewa Munanila, na mzee amebaki peke yake na nyuki wake.

Mzee huyu ni mtu wa kawaida tu wa huku Kibondo. Hana cheo, hana duka. Kwa miaka arobaini ametundika mizinga ya magogo katika msitu unaoelekea Kasulu, na njia za humo amezikanyaga zote, kwa mguu au kwa baiskeli. Kwa hiyo watumishi wa serikali waliohamishiwa huku walipotafuta mtu wa kuwapitisha msituni na magari yao, kila waliyemuuliza alimtaja yeye.

Mzee hakuwaelewa. Lami ipo, watu wazima na akili zao wanaiacha, wanakwenda kutafuta tope? Marcel, afisa mmoja wa wilayani na kiongozi wa msafara, alimjibu kuwa lami haina utamu. Basi nyinyi ni ndugu zao ngiri, mzee akasema, nao wakacheka, wakampa kiti cha mbele.

Magari yalikuwa matatu. Marcel alitangulia. La pili liliendeshwa na Daktari Philomena, mama kutoka Moshi mwenye maneno machache, pembeni yake mwalimu Kezia na simu yake ya kupigia picha. Nyuma alikuja Godson, fundi asiyechoka utani. Mpaka saa nane mchana mambo yalikuwa mazuri. Walinasa, wakavutana kwa waya, Godson akasema gari la Marcel linaogopa maji kama paka.

Ndipo wakafika kwenye kijito chenye kingo za kutisha. Juu yake palikuwa na daraja walilolirithi warina asali kutoka kwa wapasua mbao wa zamani: magogo marefu kutoka ukingo hadi ukingo, na mengine mafupi yamelazwa juu yake, moja baada ya jingine. Warina asali hutandaza matawi juu, kisha udongo, ili baiskeli yenye madumu isiteleze, na kila apitaye huongeza koleo moja. Miaka ikipita, daraja linakuwa kama ardhi, hata nyasi zinaota.

Marcel aliuliza kama litahimili. Mzee hakusita. Baiskeli zenye madumu manne manne hupita hapo kila siku, alisema, na halijawahi kutikisika. Kwa mtu wa baiskeli, huo ulikuwa ushahidi wa kutosha. Akavuka kwa mguu, akasimama ng'ambo aongoze kwa mikono. Marcel akapita. Daraja lilitoa mlio mmoja, kama mtu anayejigeuza kitandani, likanyamaza.

Daktari akaingia, gari limejaa maji na mafuta ya safari. Magurudumu ya mbele yalipovuka katikati, udongo wa pembeni ulimeguka, pakachungulia tundu jeusi, la mviringo.

Mzee alilijua tundu hilo. Masika mawili nyuma gogo moja lilikuwa limeoza, naye, kwa kuchoka kukata jingine, akalaza pale mizinga miwili iliyokimbiwa na nyuki, kichwa kwa kichwa, akaifukia. Magogo matupu ndani. Na uzito wote wa nyuma ulikuwa bado haujafika juu yake.

Akipiga kelele, mama huyu atasimama. Akisimama, atakuwa amesimama pabaya. Akirudi nyuma, magurudumu ya mbele yatapita tena palepale. Mzee hakupiga kelele. Akaendelea kupunga mikono, njoo, njoo, taratibu hivyohivyo, na uso akaulazimisha utabasamu.

"Mzee, cheka nikupige picha," Kezia alisema kutoka dirishani.

Alikuwa anacheka tayari.

Kukatoka mlio kama kuni kavu ikivunjwa gotini. Gurudumu la nyuma likadidimia, gari likainama upande, picha ya Kezia ikaharibika. Philomena akakandamiza mafuta. Gari likaunguruma, likaruka, likatua mbele ya mzee huku udongo na vipande vya mizinga vikimwagika kijitoni. Kwenye ukingo waliotoka, Godson alikuwa ameshika kichwa, hana utani wowote.

Wakashuka, wakatazama shimo. Marcel akasema ni bahati mbaya, magogo huoza. Mzee angeweza kunyamaza.

"Si gogo lililooza," alisema. "Ni mizinga yangu, niliiweka mimi. Na niliiona ukiwa juu yake, daktari."

"Uliiona, ukaniita?"

"Niliiona, nikakuita."

Marcel alimsema sana, kwamba nusura aue watu. Mzee akayapokea yote, kofia mkononi. Godson ilimbidi arudi kuifuata lami. Wengine waliendelea hadi Kasulu, na huko Philomena alimnunulia mzee chai, akamuuliza habari za nyuki, wanakula nini kiangazi. Mzee alijibu vizuri. Kisha akamuuliza swali lililokuwa likimsumbua toka kijitoni. Daktari alitazama kikombe chake, akainuka kwenda kulipa. Mzee alimuuliza tena walipokutana sokoni Kibondo, na mara ya mwisho siku daktari anapakia vyombo vyake kuhamia mkoa mwingine.

"Daktari, ningekwambia ukweli ukiwa pale katikati, ungekanyaga breki?"